Ndege ya Mabomu Ikizeeka, Unaweka Nini Mahali Pake?

Ukikaa Temeke, hasa upande wa Chang'ombe, Keko au Miburani, unajua tarehe 9 Desemba inavyokuwa sherehe zikifanyika Uwanja wa Uhuru. Unasikia ngurumo kwanza. Watoto wanatoka nje mbio, wanaangalia juu pale sauti inapotoka, na ndege yenyewe imeshapita zamani, iko mbele huko. Bibi mmoja wa mtaani kwetu kila mwaka anauliza swali lile lile: "Hivi hizo ndege hazichakai?"

Zinachakaa, bibi. Na swali lako limewasumbua wakubwa wa dunia kwa miaka mingi kuliko unavyodhani.

Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba Tanzania haina ndege kubwa za mabomu. Ndege zetu za kivita zinazojulikana ni za ukoo wa J-7 kutoka China, ambayo asili yake ni MiG-21 ya Kisovieti, usanifu wa miaka ya 1950. Ni ndege ndogo ya injini moja, kazi yake ni kuwahi angani na kupambana na ndege nyingine. Ndege ya mabomu ni kitu kingine kabisa: kubwa, inabeba tani nyingi, inasafiri maelfu ya kilomita na kurudi. Lakini tumewahi kuonja ladha yake. Machi 1979, Vita vya Kagera vikiwa vimechachamaa, Libya iliyokuwa inamsaidia Idi Amin ilituma Tu-22, ndege ya mabomu ya Kisovieti yenye kasi kuliko sauti, ikapige Mwanza. Ikaukosa mji. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, yakaua swala.

Kisa hiki watu hukisimulia kwa kicheko, na kweli kinachekesha kidogo. Lakini fikiria rubani angelenga vizuri. Kisiwa kile kiko karibu sana na mji.

Sasa turudi kwa bibi. Ndege inachakaaje?

Chukua waya wa kuning'inizia nguo. Ukuninje mara moja, haukatiki. Ukunje na kuunyoosha mara ishirini, thelathini, unakatika mkononi, na wewe hukutumia nguvu yoyote ya ajabu. Huo ndio uchovu wa metali. Kila mkunjo unaacha jeraha dogo ndani ambalo jicho halilioni. Majeraha yanaungana yanakuwa ufa, ufa unatambaa, siku ya mwisho kipande kilichobaki kizima hakitoshi tena kubeba mzigo. Hapo kinaachia ghafla.

Bawa la ndege linakunjwa hivyo kila safari. Ndege ikiwa chini, bawa linaning'inia kwa uzito wake na wa mafuta. Ikipaa, linainuka kwa sababu sasa ndilo limebeba ndege nzima. Ikikutana na upepo wenye misukosuko, linacheza juu na chini. Halafu bawa lina maelfu ya matundu ya ribiti, na ufa unapenda sana kuanzia kwenye tundu, kwa sababu mkazo wote unabanana pale ukingoni.

Kuna tofauti hapa ambayo mimi nilipoisoma darasani mara ya kwanza ilinishtua. Chuma cha kawaida kina kiwango cha mkazo ambacho ukikaa chini yake, unaweza kukikunja mara mamilioni bila kukatika. Alumini haina kiwango hicho. Hata mkazo mdogo, ukirudiwa vya kutosha, mwisho wake utaichosha. Na ndege nyingi zimejengwa kwa alumini kwa sababu ni nyepesi. Yaani umechagua wepesi, ukakubali kwamba kila ndege unayoijenga ina saa zake za kuishi.

Afrika Mashariki iliishuhudia somo hili karibu. Mei 1952 Waingereza walianzisha safari za kwanza za abiria kwa ndege ya jeti, Comet, kutoka London kwenda Johannesburg, na Entebbe ilikuwa moja ya vituo. Januari 1954 Comet moja ilipasukia angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, ikaua watu wote 35. Aprili ikafuata nyingine, watu 21. Wahandisi wakachukua Comet nzima, wakaizamisha kwenye tangi kubwa la maji, wakawa wanaijaza presha na kuipunguza kana kwamba inapaa na kutua. Ilipasuka ilipofikisha mizunguko 3,057, ukijumlisha ile iliyosafiri kweli na ile ya ndani ya tangi. Walikuwa wameamini ingekwenda mbali zaidi ya hapo. Shirika letu la East African Airways lilipokuja kununua Comet mwaka 1960, ilikuwa toleo la nne, lililosanifiwa upya baada ya maafa hayo.

Mtu wa Mbagala atauliza: kwani fundi hawezi kuchomelea? Coaster yetu ya asubuhi sakafu yake ilishapasuka mara tatu, ikapelekwa gereji, ikachomelewa, tunapanda. Chasisi ya gari ni chuma kinene, kinavumilia moto. Alumini ya ndege nguvu yake imetokana na kupashwa na kupozwa kwa utaratibu maalumu kiwandani. Ukiipiga moto wa kuchomelea, sehemu ile inalainika na utaratibu wote unaharibika. Na Coaster ikizima Mtongani unashuka, unalalamika nauli yako, unadandia nyingine.

Jambo la pili ni kutu na unyevu. Anayeishi Kigamboni au Kunduchi hahitaji kuelezwa chumvi ya bahari inavyokula bati. Ndiyo maana Marekani ndege zake zilizostaafu inazihifadhi jangwani Arizona, mahali pakavu. Ukavu huo unafanya kazi kweli: B-52 mbili zilizokuwa zimelazwa pale zimeamshwa na kurudishwa jeshini, moja mwaka 2015 na nyingine 2019.

Na hiyo B-52 ndiyo habari yenyewe. Iliruka mara ya kwanza Aprili 1952. Zilijengwa 744, ya mwisho ikatoka kiwandani mwaka 1962, tena Tanganyika ikiwa haijatimiza hata mwaka wa kwanza wa uhuru. Leo zimebaki 76 na mpango ni ziruke mpaka miaka ya 2050. Kuna familia Marekani ambayo babu, baba na mtoto wote wamehudumu kwenye aina hiyo moja ya ndege.

Weka pembeni yake Valiant ya Uingereza. Hii nayo iliingia jeshini mwaka 1955, sawa na B-52. Ilikuwa ya kisasa, ndiyo iliyodondosha bomu la kwanza la atomiki la Uingereza kutoka angani, kule Australia mwaka 1956. Ikasanifiwa kuruka juu sana, kwenye hewa tulivu. Halafu makombora ya Kisovieti ya kutungulia ndege yakawa hatari, wakubwa wakaamua Valiant zishuke, ziruke chini chini kujificha na rada. Hewa ya chini ina misukosuko mingi. Mwaka 1964 mhimili wa bawa wa Valiant moja ukavunjika ikiwa angani, wakatua salama kwa bahati. Walipokagua nyingine wakakuta nyufa huku na huku. Januari 1965 ndege zote za aina hiyo zikaondolewa. Miaka kumi tu!

Kwa hiyo umri kwa miaka haukwambii mengi. Kinachohesabiwa ni saa za kuruka, na zaidi ya hapo, ndege ilirukaje. Nisiwapake Wamarekani mafuta hapa: B-52 nazo zilishushwa chini miaka ile ile, na Januari 1964 moja ilikatika karibu mkia wote wa wima kwenye hewa yenye misukosuko, ikatua vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na fedha za kuimarisha mabawa na miili ya ndege zao. Waingereza walipiga hesabu wakaona hailipi.

Ukishajua hili, unaona kwamba kwenye kubadilisha ndege swali la kwanza siyo "tununue ipi". Swali ni: kazi ile bado ipo? Mwaka 1979 Tu-22 ilibidi ifike juu ya Mwanza yenyewe ndipo idondoshe. Leo kombora linaachiwa kutoka mamia ya kilomita na linajiongoza. Basi B-52 imegeuka kuwa lori: inabeba makombora mengi, inaegesha mbali, inayaachia, inarudi. Lori halihitaji kuwa jipya. Linahitaji injini nzuri, na ndicho wanachofanya sasa. Kila B-52 ina injini nane, ukizidisha kwa 76 ni injini 608 za kubadilisha, kwa sababu zile za zamani hazitengenezwi tena tangu miaka ya 1980 na spea zinatafutwa kwa tochi.

Kazi ya kupenya ndani ya nchi yenye rada kali ndiyo inayohitaji ndege mpya, na hapo gharama inapanda mpaka inatisha. B-2, ndege yenye umbo la bawa tupu ambayo rada inahangaika kuiona, ilipangwa zijengwe 132. Vita Baridi vikaisha, zikajengwa 21. Ona hesabu inavyogeuka. Tuseme, kwa mfano wa kufikirika, kusanifu ndege kunakula shilingi 100 na kuijenga moja kunakula shilingi 1. Ukijenga 100, kila moja imekugharimu shilingi 2. Bunge likisema ni ghali, jenga 20 tu, kila moja sasa ni shilingi 6. Bunge linashtuka zaidi, linapunguza tena. Kwa mtindo huo B-2 iliishia kugharimu takriban dola bilioni 2 kila moja, utafiti ukiwemo. Na ni mtoto wa kubembelezwa: ngozi yake inataka banda lenye hewa ya kudhibitiwa, na mwaka 2008 moja ilianguka kule Guam kwa sababu unyevu uliingia kwenye vipima hewa vikaidanganya kompyuta. Unyevu tu, kama huu wetu wa Machi. Mrithi wake, B-21, aliruka mara ya kwanza Novemba 2023, na safari hii mpango ni angalau 100. Nadhani sasa unaelewa kwa nini wanaishikilia sana ile namba.

Urusi ina tatizo la aina nyingine. Tu-95 zake za pangaboi ziliacha kutengenezwa miaka ya mwanzo ya 1990, baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika. Juni 2025 Ukraine ilizishambulia ndege za mabomu zikiwa zimeegeshwa kwenye viwanja vyao, kwa droni ndogo zilizofichwa kwenye malori. Kila Tu-95 iliyoungua pale imekwenda moja kwa moja. Kufufua kiwanda ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani, maana michoro unaweza kuwa nayo, lakini fundi aliyejua kukaza ile boliti kwa mkono ameshazikwa. Urusi imejaribu kwa Tu-160: ya kwanza iliyojengwa upya iliruka Januari 2022, na zinatoka taratibu mno.

Wengine waliamua kuachana na kazi yenyewe. Uingereza haikumtafutia Vulcan, ndugu wa Valiant, mrithi wa saizi yake. Bomu la nyuklia likahamia kwenye nyambizi, mashambulizi mengine yakabebwa na ndege ndogo. New Zealand ilikwenda mbali zaidi, mwaka 2001 ikafuta kabisa kikosi chake cha ndege za mapigano.

Na sisi wa ukanda huu? Uganda mwaka 2011 ilianza kupokea Su-30 mpya kutoka Urusi, sita kwa jumla, kwenye mkataba wa takriban dola milioni 740 pamoja na silaha na vifaa vingine. Mjadala mkali uliozuka Kampala haukuwa juu ya ubora wa ndege. Watu waliuliza kwa nini fedha zilitoka benki kuu kabla Bunge halijaidhinisha. Kenya ilichagua njia ya mtumba, ikanunua F-5 zilizotumika Jordan ili kuongezea zile ilizokuwa nazo. Mtumba wa ndege una mtego ule ule wa mtumba wa gari: bei ni ya kuvutia, lakini unanunua na saa zilizokwisha kuliwa, na huwezi kumwuliza bawa limekunjwa mara ngapi usipopewa daftari lake la safari.

Hata zile J-7 zinazonguruma juu ya Temeke zina suala hili. China ilifunga utengenezaji wa aina hiyo mwaka 2013. Maana yake siyo kwamba zimekufa. Ndege inayoruka saa chache kwa mwaka na kutunzwa vizuri inaweza kuishi muda mrefu. Ila kuanzia siku kiwanda kinapofungwa, ghala la spea linaanza kupungua bila kujazwa, na kwa kawaida inafika mahali unalaza ndege moja chini ili nyingine mbili ziruke. Wenye daladala wa Mbagala Rangi Tatu wanaijua hesabu hiyo vizuri sana, maana uani kwa tajiri wa Coaster hakukosi moja iliyokaa juu ya matofali, haina tairi, haina viti, na kila mwezi inazidi kupungua.

Desemba ijayo ukisikia ngurumo, usiangalie kule sauti inapotoka. Angalia mbele yake, na kama ndege inakata kona kali, tazama mabawa. Pale ndipo yanapokunjwa zaidi.