Tundu Linapohama

Novemba 2024 programu ya usanifu wa kompyuta ya FreeCAD ilitoa toleo lililopewa namba 1.0. Asiyeifahamu angedhani imezaliwa mwezi huo. Kumbe ilianza kusambazwa 2002, na kwa zaidi ya miaka 20 wanafunzi, wahandisi na mafundi vyuma wamechapa kazi nayo huku namba yake ikisuasua chini ya moja: 0.18, 0.19, 0.20. Miongoni mwa yaliyoizuia kuvuka ni kasoro moja sugu ambayo kila aliyewahi kuitumia anaijua, hata kama hajui inaitwaje.

Iko hivi. Unachora bamba la kufungia mota. Programu inajenga umbo, kisha inazipa nyuso zake majina kwa kuzihesabu: uso wa 1, wa 2, wa 3. Unachagua uso wa juu, ambao tuseme umeangukia namba 6, unachora duara juu yake na kutoboa tundu la bolti. Baadaye mteja anataka kona moja ya bamba ikatwe. Unarudi kwenye skechi ya mwanzo, unakata kona. Nyuso zimeongezeka, hesabu inaanza upya, na uso wa 6 sasa ni ubavu. Tundu linahamia ubavuni. Au umbo zima linagoma kujengeka, na orodha ya hatua zako inajaa alama nyekundu.

Ni kama mtaa ambao nyumba hazina namba za kudumu, mleta barua anahesabu tu kuanzia kona. Ikijengwa nyumba mpya katikati, barua zote zinaingia kwa jirani.

Mtayarishaji programu mmoja anayejulikana mtandaoni kwa jina la realthunder alilifanyia kazi tatizo hilo kwa miaka, katika nakala yake mwenyewe ya FreeCAD, ndipo kazi hiyo ikaja kuingizwa kwenye programu yenyewe. Sasa kila uso na kila ukingo unabeba kumbukumbu ya hatua iliyouzaa, si namba tupu. Kwa macho ya mtumiaji hakuna kitufe kipya cha kuonyesha wenzake. Anachoona ni kwamba anabadilisha kipimo cha hatua ya pili na hatua ya kumi na tano haivunjiki. Mimi hilo nalihesabu kuwa badiliko kubwa kuliko mengi yanayopambwa kwenye matangazo ya kila mwaka ya programu za kulipia.

Hata hivyo watengenezaji wenyewe wanasema tatizo limepunguzwa, halijafutwa. Kwa hiyo tabia za zamani zisitupwe. Skechi iegemeze kwenye bapa za msingi za umbo, zile tatu zinazokutana sifuri, badala ya kuipachika juu ya uso uliotokana na hatua nyingine. Vipimo vinavyojirudia, kama unene wa bamba au kipenyo cha bolti, viandike kwenye jedwali lililomo ndani ya FreeCAD na kila kimoja ukipe jina. Siku bamba likitoka milimita 6 kwenda 8 utabadilisha kisanduku kimoja. Kulainisha kingo kuwe kwa mwisho kabisa. Nimeona vijana wengi wakianza na urembo wa kingo kwa sababu unapendeza kwenye kioo, halafu kila rekebisho la baadaye linawagharimu jioni nzima.

Na skechi ifungwe yote. Mstari usio na kipimo wala sharti utasogea siku usiyotarajia. FreeCAD huigeuza skechi kuwa ya kijani ikishafungwa kikamilifu. SolidWorks, programu ya kulipia, hutoa mistari kwenye bluu na kuipeleka kwenye nyeusi. Wazo la kufunga mistari kwa masharti lina umri mkubwa kuliko wengi wa wanaolitumia. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Ivan Sutherland alionyesha programu yake ya Sketchpad: unachora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo, unaiambia mashine mistari miwili iwe sambamba, nayo inaitunza amri hiyo hata ukivuta ncha moja. Yaliyofuata ni nyongeza.

Toleo la 1.0 limekuja pia na sehemu yake yenyewe ya kuunganisha vipuri vikawa mashine moja. Zamani ulilazimika kuchagua kati ya viongezi kadhaa visivyosikilizana. Kwa kazi ndogo inatosha. Mashine yenye mamia ya vipuri bado ningeipeleka kwingine.

Kwingine ni wapi, na kwa fedha gani? AutoCAD kwa bei ya Marekani ni karibu dola 2,000 kwa mwaka, na tangu 2016 leseni mpya za kununua mara moja zimekoma. Leseni ya bure ya wanafunzi ipo, ila hairuhusiwi kwa kazi ya kulipwa.

Anayeilipia AutoCAD basi atumie anacholipia. Tangu toleo la 2023 unaweza kuingiza picha au PDF ya mchoro uliosahihishwa kwa kalamu nyekundu, ikalala juu ya mchoro wa kompyuta kama karatasi angavu. Kwenye ofisi ambazo mhandisi mkuu bado husahihisha kwenye karatasi, na ni nyingi, hiyo ni nafuu ya kweli. Toleo la 2024 lilileta bloku zinazokisia mahali pa kujipachika kwa kuangalia ulivyozipachika mwanzo. Kwa milango na viti ni sawa. Kwa valvu ya bomba la shinikizo sitaki kukisiwa.

Amri ninazozisisitiza kwa wachoraji wapya ni za zamani na hazina mvuto. OVERKILL hufuta mistari iliyolaliana. Usipoitumia kabla ya kupeleka faili kwenye mashine ya plazma, mashine itapita njia ileile mara mbili na kuunguza chuma. PURGE hutoa leya na bloku zisizotumika. AUDIT hukagua faili lenye hitilafu na kulirekebisha.

Halafu kuna kutuma. Umbo la faili la DWG lilibadilika kwenye toleo la 2018, kwa hiyo mwenye AutoCAD ya 2015 hafungui ulichohifadhi kwa mpangilio wa kawaida wa 2024. Mhifadhie kwa umbo la 2013. Na kama mchoro wako umeunganishwa na michoro mingine, usitume faili moja kwa WhatsApp ukadhani umemaliza. Amri ya ETRANSMIT hufunga vyote pamoja, hadi aina za herufi. Airbus ilionja machungu ya matoleo yasiyolingana kwenye ndege ya A380: Hamburg walitumia toleo la V4 la programu ya usanifu ya CATIA, Toulouse toleo la V5, na nyaya zilizosanifiwa upande mmoja zikafika upande wa pili zikiwa hazitoshi. Kila ndege ina nyaya za takriban kilometa 530. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa Oktoba 2007, ikiwa imechelewa karibu miaka miwili.

Kwetu matatizo huingilia mlango wa vipimo. Mpima ardhi anachora kwa meta, mhandisi wa jengo kwa milimita. Kama faili moja halijatajiwa kizio chake, jengo likiingizwa kwenye ramani ya kiwanja linatokea kubwa mara 1,000. Hilo angalau linaonekana. Lisiloonekana haraka ni mfumo wa kodineti. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zimejengwa juu ya Arc 1960, wakati simu na GPS husoma WGS 84. Tofauti kati yake ardhini ni karibu meta 300, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Kwenye mchoro wa barabara ya kijijini, kalvati linaweza kukaa kando kabisa ya mto na kompyuta isilalamike.

Kwa hiyo kwenye kisanduku cha kona ya mchoro, chini ya jina la mradi, andika kizio, mfumo wa kodineti na kanda ya UTM, kwa mfano 36 au 37 Kusini. Na ukiona michirizi ya kujazia inakatikakatika, usiuhamishe mchoro kuusogeza karibu na sifuri. Kusini mwa ikweta namba za kaskazini za UTM huhesabiwa kutoka 10,000,000, hivyo Dar es Salaam iko zaidi ya meta 9,000,000 kutoka sifuri, na umbali huo ndio huikata michirizi inayoanzia sifuri. Sogeza chanzo cha michirizi tu, mchoro uuache pale ardhi ilipo.