Ringi ya Pistoni: Jina au Kipimo?

Mtu anayetafuta ringi za pikipiki ya zamani ya mapigo mawili hufika katika maduka ya vipuri ya Tunduma akiwa na jina moja kinywani, nalo ni jina la mtengenezaji. Muuzaji hutazama rafu zake, zilizojaa vipuri vya pikipiki za mapigo manne zitokazo India na China, kisha humjibu kwamba aina hiyo haiji tena. Wengi hukata tamaa hapo, na chombo kikaachwa nyuma ya nyumba kuota kutu. Lakini ringi haina habari na jina lililoandikwa kwenye tangi la petroli. Ringi ni kipenyo, unene, upana na umbo la ncha zake. Mwenye kuyajua hayo manne aweza kuipata mahali ambapo mwenye jina hakuipata. Na lililo kubwa zaidi, aweza kujiepusha na kufunga ringi isiyofaa, ambayo huiharibu silinda isiyopatikana tena kwa bei yoyote.

Katika sehemu nyingi za Afrika, pikipiki kama Yamaha AG100, Yamaha DT125 na Suzuki AX100 zilitumiwa kwa miaka mingi na mabwana shamba, waganga wa vijijini na watumishi wa misheni. Ziliundwa kwa urahisi na zilivumilia barabara za udongo. Bodaboda (neno lililozaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, wakati abiria walipovushwa kwa baiskeli) zilipoenea Tanzania, injini ya mapigo manne ndiyo iliyotawala, kwani hula petroli kidogo na moshi wake si mwingi. Zile za zamani zilibaki mikononi mwa wachache, na vipuri vyake vikafuata njia hiyo hiyo.

Injini ya mapigo mawili haina vali za juu. Katika ukuta wa silinda mna matundu: mengine huingiza mchanganyiko wa petroli, hewa na oili, na jingine hutoa moshi. Pistoni yenyewe, ikipanda na kushuka, ndiyo inayoyafungua na kuyafunga. Ikumbukwe kwamba pistoni haiwezi kuibana silinda sawasawa, kwa sababu lazima iachiwe nafasi ya kutanuka inapopata joto. Kazi ya kuziba nafasi hiyo hufanywa na ringi, ambayo ni duara la chuma lenye mwanya, linalotaka daima kujifungua na hivyo kujisukuma dhidi ya ukuta. Mhandisi Mwingereza John Ramsbottom ndiye aliyeleta ringi ya namna hii katika injini za mvuke mwaka 1852. Kabla yake pistoni zilizungushiwa nyuzi za mimea zilizopakwa mafuta, ambazo zilichakaa upesi.

Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila ringi hupita mbele ya tundu la moshi mara 200 kwa sekunde moja. Mwanya wa ringi ukifika mbele ya tundu, ncha zake hujifungua, huingia tunduni na kukatika. Vipande hivyo huichana silinda na kuitoboa pistoni. Ndiyo maana katika mfuo wa ringi pamekazwa pini ndogo, na ncha za ringi zimechongwa zikaribiane na kuikumbatia pini hiyo. Ringi haizunguki, na mwanya wake hubaki daima mbele ya ukuta mzima.

Hapa ndipo penye mtego kwa mnunuzi wa Tunduma. Silinda ya Suzuki AX100 ina kipenyo cha milimeta 50. Pikipiki nyingi za mapigo manne za sentimeta za ujazo 100, zilizofuata mfano wa Honda, nazo zina kipenyo cha milimeta 50. Ringi yake ipo dukani, ni rahisi, na kwa macho inaingia. Lakini ringi hiyo haina nafasi ya pini, kwa kuwa katika mapigo manne hakuna matundu ukutani na ringi huachwa izunguke itakavyo. Kuing'oa pini ili ringi iingie ni kuiweka silinda rehani. Kipenyo kikilingana, kazi ya kulinganisha ndiyo kwanza imeanza.

Historia ya pikipiki inatoa mfano ulio mzuri zaidi, na wenye matumaini. Mwaka 1939 kiwanda cha DKW cha Ujerumani kilitoa pikipiki ya RT 125, yenye silinda ya kipenyo cha milimeta 52 na mwendo wa pistoni wa milimeta 58. Baada ya Vita Kuu ya Pili michoro yake ilichukuliwa na mataifa yaliyoshinda, na injini ile ile ikazaliwa upya kwa majina mbalimbali: BSA Bantam huko Uingereza mwaka 1948, Moskva katika Urusi ya Kisovieti, na Yamaha YA-1 ya Japani mwaka 1955. Yamaha AG100 iliyokuja miaka mingi baadaye ina mwendo mfupi zaidi, wa milimeta 45.6, lakini kipenyo chake ni milimeta 52 vilevile. Majina ni mengi na kipenyo ni kimoja. Hata hivyo unene wa ringi na mahali pa pini vyaweza kutofautiana, na kuna ringi ambazo uso wake wa juu umeinama kidogo ili zisigande kwa masizi. Ringi bapa haifai kutiwa katika mfuo ulioinama, wala iliyoinama katika mfuo bapa. Kwa hiyo fundi mwangalifu huenda dukani na pistoni yenyewe mfukoni, pamoja na maikromita kama anayo.

Ringi nyingi hufanywa kwa chuma cha kusubu, chenye kaboni asilimia tatu hivi, ambayo sehemu yake kubwa hukaa ndani ya chuma kama vipande vyembamba vya grafiti. Grafiti hulainisha na hushika oili. Wanyiha wa Mbozi walikuwa wayeyushaji hodari wa chuma, lakini chuma cha tanuri zao kilitoka kama bonge, kikafuliwa kwa nyundo hadi kuwa jembe, hakikumiminwa. Chuma cha kusubu hakikubali nyundo. Ni kigumu na chepesi kuvunjika, na ringi ikipanuliwa kupita kiasi wakati wa kuivisha hukatika kama kijiti kikavu.

Swali ambalo mwanafunzi wa fizikia aweza kulijibu kwa kalamu ni hili: mwanya uwe mkubwa kiasi gani? Mzingo wa duara la milimeta 52 ni milimeta 163.4. Chuma cha kusubu hutanuka kwa kadiri ya sehemu 11 katika milioni kwa kila digrii moja ya sentigredi. Ringi ikiwa na joto kupita silinda kwa digrii 100, itarefuka kwa 163.4 × 0.000011 × 100, yaani milimeta 0.18. Mwanya ukiwa mdogo kuliko huo, ncha hugongana, ringi haina pa kwenda, na injini hukwama. Kwa silinda za ukubwa huu mwanya wa kati ya milimeta 0.15 na 0.35 ndio wa kawaida, na kitabu cha pikipiki kikipatikana ndicho cha kufuatwa.

Hesabu hiyo hiyo hufichua uchakavu. Kipenyo cha silinda kikiongezeka kwa milimeta 0.1 tu, mwanya huongezeka kwa 0.1 mara pai, yaani milimeta 0.31. Jicho haliuoni uchakavu wa silinda, lakini mwanya huukuza zaidi ya mara tatu. Fundi husukuma ringi ndani kwa kichwa cha pistoni ili ikae wima, kisha hupima mwanya kwa fila, vile vibati vyembamba vyenye namba. Hupima juu, karibu na tundu la moshi panapolika zaidi, na tena chini kabisa pasipolika. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ikigawanywa kwa 3.14 inatoa uchakavu. Kurunzi ikimulikwa kutoka chini, mwanga unaopenya ubavuni mwa ringi huonyesha mahali ambapo silinda haiko mviringo tena. Shule yenye silinda mbovu moja ina kifaa kizuri cha somo.

Silinda iliyochakaa yenye ukuta wa chuma hupanuliwa kwa mashine ya kukereza, ikapewa pistoni na ringi kubwa zaidi kwa milimeta 0.25, 0.50 na kuendelea. Silinda iliyopakwa kromu haipanuliwi hivyo, na ringi ya kromu haifai kukutana na ukuta wa kromu. Wako mafundi ambao, wakikosa ringi ya kawaida, hununua iliyozidi kwa milimeta 0.50 na kuikata kwa tupa. Mzingo wa ringi hiyo umezidi kwa milimeta 1.57. Kuondoa chuma kiasi hicho ni kuzila ncha zilizochongwa kwa ajili ya pini, na duara linalobaki halilingani na silinda. Hugusa sehemu chache na kuvujisha moto kwingine. Tupa ina haki ya kuondoa sehemu za kumi za milimeta, si zaidi.

Kufunga kwenyewe hakuhitaji nguvu. Mfuo husafishwa kwa kipande cha ringi ya zamani, na kitambaa safi huzibwa mdomo wa chumba cha krenki ili masizi yasiangukie humo. Alama au herufi iliyo kwenye ringi huelekezwa juu. Oili hupakwa, ncha huhakikiwa kuwa zimekaa kwenye pini, na silinda hushushwa wima huku ringi zikibanwa kwa vidole. Ikikataa kushuka isizungushwe kamwe, kwa sababu ncha yaweza kunasa tunduni. Iinuliwe na kuanzwa upya. Kisha pikipiki iendeshwe taratibu kwa kilometa mia kadhaa, ringi na ukuta vipate kuzoeana.

Wengine hupima mbano wa silinda baada ya kazi hiyo na kushtuka. Kanieneo ya hewa kwenye kimo cha meta 1,500, kinachofikiwa na sehemu za uwanda wa Mbozi, ni kama asilimia 84 ya ile ya pwani. Kipimo ambacho kingesoma paundi 120 Dar es Salaam kitasoma kama 100 Vwawa, kwa injini ile ile na ringi zile zile. Ringi njema zimewahi kutupwa kwa sababu hiyo tu. Fundi anayeandika katika daftari lake usomaji wa siku ringi mpya zilipozoea silinda, pamoja na mahali alipopimia, atakuwa na namba ya kulinganisha nayo mwaka utakaofuata.