Kabla ya Kupiga Kafi, Jifunze Kupinduka

JE, msomaji, mwanao anayesoma Marekani amekuandikia kwamba likizo hii haji nyumbani, bali anakwenda kupiga kafi baharini Alaska na kulala hemani kwa siku sita? Mzazi wa Nairobi akipata habari kama hizo, moyo humwenda mbio. Kijana aliyezoea matatu na lami atafanya nini katika bahari inayopakana na barafu?

Usikimbilie kumkataza. Muulize kwanza swali moja: je, siku ya kwanza watamfundisha kupinduka?

Safari hizi ni za mafunzo. Nyingi huanzia mji mdogo wa Whittier, unaofikiwa kutoka Anchorage kwa kupitia handaki la kilomita 4 lililotobolewa mlimani. Mbele yake iko ghuba ya Prince William Sound, yenye visiwa, misitu na mito ya barafu inayoshuka hadi majini. Chombo ni kayaki, jamaa ya mtumbwi wetu. Ni chembamba, kimefunikwa juu, na hupigwa kwa kafi lenye bapa pande zote mbili. Wenyeji wa nchi za baridi walikitengeneza kwa mbao na ngozi za wanyama wa baharini, wakakitumia kuwindia.

Sasa sikiliza kinachofanyika siku hiyo ya kwanza. Mwanafunzi huketi ndani na kujifunga sketi maalum inayoziba tundu la kiti ili maji yasiingie. Kisha chombo hupinduliwa, kichwa chini! Hapo hutakiwa kutulia, kupapasa ukingo wa mbele wa sketi, kuvuta utepe wake na kujisukuma nje. Akiibuka, hushikilia chombo chake. Mwenzake humjia, hukimwaga maji, kisha hukishika kisiyumbe mpaka aliyeanguka apande tena. Zoezi hurudiwa hadi woga upungue.

Mbona haya yote? Kwa sababu maji ya huko huua kwa baridi kabla hayajaua kwa kina. Wakufunzi hufundisha hesabu rahisi: 1, 10, 1. Katika dakika 1 ya kwanza, baridi humfanya mtu ahemehovyo, naye anapaswa kutuliza pumzi. Ana kama dakika 10 ambazo mikono bado inamtii. Huweza kupita kama saa 1 kabla hajazirai kwa baridi, mradi jaketi la kuokoa maisha linamwelesha. Ndiyo maana jaketi huvaliwa kabla ya kuingia chomboni, na nguo za pamba huachwa nyumbani, kwani zikilowa hazihifadhi joto.

Nchi kavu nako kuna shule yake. Wakati wa bamvua, maji ya huko hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 4. Anayepiga hema ufuoni bila kusoma jedwali la maji huamshwa usiku na mawimbi, na kayaki isiyofungwa huondoka yenyewe. Kisha kuna dubu. Jiko huwekwa mbali na mahema, kama mita 100, na chakula hufungiwa katika mikebe ambayo dubu hawezi kuifungua. Hata dawa ya meno hailali hemani, maana harufu yake humwita mgeni asiyetakiwa.

Lakini somo kubwa kuliko yote ni kukata shauri. Wanafunzi hupokezana uongozi. Kiongozi wa siku husoma ramani, dira na upepo, kisha huamua kama kundi litavuka. Pengine wenzake wana haraka, naye anaona mawimbi yanachafuka. Kusema “leo hatuendi” mbele ya rafiki zako kunahitaji ujasiri kuliko kupiga kafi.

Basi, mzazi, kabla ya kutoa ruhusa, uliza: wakufunzi ni wangapi kwa wanafunzi wangapi? Wana njia gani ya kuita msaada pasipo na simu? Watampa vazi la kuzuia maji baridi? Nawe kijana, usione haya kuandika ukweli katika fomu ya afya. Ikiwa una pumu, au huogelei vizuri, sema. Si lazima uwe bingwa, lakini mkufunzi hawezi kukulinda na jambo ulilomficha.

Ukijibiwa vyema, mwache aende. Atakaporudi, atakuwa mtu wa kufaa hata Mombasa na Kisumu, kwa kuwa atajua kuvaa jaketi bila kuambiwa na kuahirisha safari bila kuona aibu.

Wahenga wetu walinena: uendapo tezi na omo, rejea ngamani. Anayefundishwa namna ya kurejea, huyo ndiye wa kuruhusiwa kwenda.