Ukienda Leavenworth, Anza na Mlima

Kila mwaka ikifika katikati ya Novemba, simu yangu huanza kuita kwa swali lile lile. Mtu amehamia Kent au Tukwila, karibu na Seattle, watoto wameonyeshwa na wenzao wa shule picha za mji wenye taa na theluji, wamemganda baba yao hadi amesalimu amri. Anachotaka kujua ni hoteli ipi nzuri. Mimi humuuliza kwanza hali ya tairi zake.

Kutoka Seattle hadi Leavenworth ni kama kilomita 190, mwendo wa saa mbili na nusu siku za kiangazi. Lakini katikati ya njia upo Stevens Pass, mita 1,238 juu ya usawa wa bahari, ambako katika msimu wa kawaida hudondoka theluji ya zaidi ya mita 10. Mlima huo ndio unaoamua kama mtafika, mtafika saa ngapi, na kama Jumatatu utaingia zamu yako. Hoteli, taa na soseji vinafuata baadaye.

Haya nimeyajua kwa kuumia. Safari yetu ya kwanza niliipanga kama mtu anayetoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo. Ilikuwa Jumamosi ya Desemba, tukaondoka Kent saa nne asubuhi baada ya kunywa chai kwa utulivu, watu saba ndani ya gari moja. Hadi Monroe mambo yalikuwa mazuri. Kukaribia Sultan foleni ikashika, kwa sababu barabara namba 2 huko ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na nusu ya jimbo ilikuwa na wazo kama letu. Juu mlimani ubao wa umeme ukadai tairi za theluji. Zetu zilikuwa zimelika. Tulifika giza limeshaingia, tukazunguka karibu saa nzima tukitafuta pa kuegesha, na watoto wakashuka na raba za shule. Haikupita nusu saa kitinda mimba alikuwa analia kwa maumivu ya vidole. Tulirudi usiku ule ule, gari likitambaa juu ya barafu, mke wangu akiomba kwa sauti ya chini mpaka tulipoziona taa za Skykomish. Sitaki familia nyingine ipite pale tulipopita sisi.

Basi tuanze na barabara. Idara ya barabara ya jimbo la Washington hutoa amri za mlimani kwa ngazi tatu, nazo huandikwa kwenye mbao za umeme kando ya njia na kwenye programu yao ya simu. Ngazi ya kwanza ni ushauri: inafaa uwe na tairi za kushika theluji. Ya pili ni lazima: huna, hupandi. Ya tatu ni minyororo kwa kila gari. Magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne huweza kusamehewa kuifunga, ila dereva wake bado anatakiwa awe nayo ndani ya gari. Tairi inayokubalika utaitambua ubavuni: ina mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, au herufi M na S. Kina cha kashata zake nacho kisiwe chini ya milimita 3 na ushee. Kipime kina hicho nyumbani, mchana, kabla hujalipia chumba.

Wenzetu wengi wananunua gari la magurudumu manne na kuona wamemaliza. Gari hilo litakusaidia kuondoka penye utelezi. Kwenye kusimama halikusaidii kitu, na ajali nyingi za mlimani ni za kushindwa kusimama. Acha nafasi kubwa mbele yako, punguza mwendo kabla ya kona na si ndani yake, na usikanyage breki kwa ghafla. Minyororo nunua kwa kipimo cha tairi zako, kisha ifunge mara moja ukiwa nyumbani kwenye saruji kavu. Baadhi ya maduka ya tairi hukurudishia pesa msimu ukiisha kama hukuitumia. Uliza kabla ya kulipa. Asiyejaribu nyumbani hujifunza kufunga mnyororo akiwa amepiga magoti kwenye theluji usiku, malori yakimpita mgongoni.

Ndani ya gari weka mablanketi, maji, chakula cha siku nzima, tochi, koleo dogo na chaja. Jaza tangi Monroe. Mbele ya hapo mtandao wa simu unakatikakatika, kwa hiyo ramani ipakue mapema. Huenda ukaona hii ni hofu ya mzee. Mwezi Januari 2022 theluji ilianguka Leavenworth kwa kiasi ambacho paa zilielemewa, mji ukatangaza hali ya dharura, na walinzi wa taifa wakaja kusaidia kuchimbua njia. Katika siku hizo hizo njia kuu za kuvuka milima ya Cascade zilifungwa kwa pamoja: Stevens, Snoqualmie, White na Blewett. Aliyekuwa upande wa mashariki alibaki huko. Ndiyo maana nasema soma masharti ya kughairi ya hoteli kwa makini kuliko unavyosoma bei, na mweleze msimamizi wako wa kazi mapema kwamba unavuka mlima.

Ipo njia ya pili, ya kupanda Snoqualmie kwa barabara kuu ya I-90 na kisha kukata kaskazini kupitia Blewett. Ni ndefu zaidi, na Blewett yenyewe iko juu kidogo kuliko Stevens, lakini I-90 ni pana na husafishwa kwa bidii. Nikiona foleni ya Gold Bar, kwenye barabara namba 2, imekuwa ndefu, huko ndiko ninakogeukia.

Na ipo reli. Treni ya Empire Builder, inayotoka Seattle kwenda Chicago mara moja kwa siku, husimama Leavenworth kwenye kituo kidogo cha Icicle, nje kidogo ya mji. Kwa familia isiyo na tairi nzuri, au kwa mama mwenye watoto na asiyependa kuendesha, hii ndiyo njia ninayoipendekeza bila kusita. Udhaifu wake uko kwenye kurudi: treni ya kurudi inatoka Chicago, inapita Leavenworth alfajiri, na ikiwa ilichelewa huko nyuma utaisubiri kwenye baridi. Piga simu kabla hujatoka chumbani. Njiani utapita ndani ya mlima kwa karibu kilomita 12 na nusu, kwenye handaki lililofunguliwa mwaka 1929. Waambie watoto kwa nini lilichimbwa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi 1910, treni mbili zilizokwama kwa siku kadhaa katika stesheni ya Wellington, karibu na kilele, zilisombwa na poromoko la theluji hadi bondeni, wakafa watu 96. Hakuna poromoko jingine la theluji lililoua watu wengi kiasi hicho katika historia ya Marekani.

Kuhusu siku ya kwenda, wengi wetu tunakosea hapa. Tunadhani taa ni za Desemba tu, tukifika tunakuta Jumamosi watu wamebanana kama ilivyokuwa stendi ya zamani ya Ubungo siku za sikukuu. Taa zenyewe, zaidi ya nusu milioni kwa hesabu ya mji, huwashwa kuanzia siku ya Shukrani mwishoni mwa Novemba na hubaki hadi Februari. Januari theluji ni nyingi zaidi, vyumba vinapatikana, na mtoto anaweza kuteleza kwenye kilima cha bustani ya Front Street bila kusubiri zamu. Sisi tunaofanya kazi kwa zamu, kwenye nyumba za wazee, maghala na uwanja wa ndege, tunapata mapumziko ya katikati ya wiki ambayo watu wa ofisini hawana. Yaoanishe na siku ambazo shule zimefungwa, nenda Jumanne, lala usiku mmoja, rudi Jumatano mchana jua lingali juu. Giza la majira haya linaingia mapema: katikati ya Desemba jua limezama kabla ya saa kumi na nusu jioni.

Vyumba vya mjini vikiwa ghali, lala Wenatchee, mji mkubwa zaidi ulio kilomita 35 mbele, mashuhuri kwa matofaa. Kuna mabasi ya umma kati ya miji hiyo miwili. Familia mbili tatu zikichangiana nyumba yenye jiko, mzigo unakuwa mwepesi zaidi, na jioni inakuwa ya hadithi.

Mji wenyewe utakushangaza. Nyumba zina paa za mteremko, roshani za mbao zilizochongwa na michoro ukutani, mithili ya vijiji vya Bavaria kusini mwa Ujerumani. Lakini hawakuujenga Wajerumani. Ulikuwa mji wa reli na mbao. Miaka ya 1920 kampuni ya reli ikahamisha njia na kituo chake kwenda Wenatchee, kiwanda cha mbao nacho kikafungwa, na kwa miaka 30 na zaidi maduka yakawa yanafungwa moja baada ya jingine. Mwaka 1962 wakazi waliunda kamati pamoja na Chuo Kikuu cha Washington kutafuta njia ya kuuokoa. Walikwenda kuutazama mji wa Solvang huko California, uliojengwa kwa mtindo wa Denmaki, wakarudi na uamuzi. Wenye majengo walikopa wenyewe wakaanza kubadilisha sura za mbele za nyumba, za kwanza katikati ya miaka ya 1960. Sasa ni sheria ya mji: hata duka la kampuni kubwa ya kitaifa lazima livae sura hiyo, hadi maandishi ya bango lake. Watu wasiofika 2,500 wanaishi hapo, na wageni huja kwa mamilioni. Kila nikipita Front Street nawaza vyama vyetu vya wahamiaji, jinsi tunavyokutana mwaka mzima kujadili katiba. Wale walikubaliana jambo moja wakaanza na nyumba moja.

Kabla ya reli bonde la mji huu lilikuwa la Wenatchi, ambao wenyewe hujiita P'squosa, wavuvi wa samoni. Katika mkataba wa mwaka 1855 waliahidiwa eneo lao la uvuvi, na hawakupewa. Jina la mto Icicle limetokana na lugha yao, ingawa masikio ya Kiingereza yaliligeuza kuwa barafu. Mtoto wa mkimbizi kutoka Kivu ataelewa habari hiyo haraka kuliko mwalimu wake.

Sasa nguo, na hapa naomba akina mama na akina baba wanisikilize. Mchana joto huzunguka nyuzi sifuri, usiku hushuka zaidi. Adui ni unyevu. Fulana na soksi za pamba zikilowa hazikauki, zinanyonya joto la mwili. Karibu na ngozi vaa nguo ya sufu au ile nyepesi ya michezo, katikati sweta nzito, juu jaketi lisilopitisha maji; na suruali ya juu vivyo hivyo, kwa sababu mtoto ataketi kwenye theluji hata ukimkataza. Buti ziwe na nafasi ya soksi nene, maana buti inayobana huzuia damu na vidole hufa ganzi. Beba glavu jozi mbili kwa kila mtoto, na boshori ya kufunika masikio. Maduka ya mitumba ya huku yana vitu hivi tele kuanzia Septemba; ukingoja Desemba utalipa bei ya mtu mwenye shida.

Chakula cha mji ni soseji, kabichi na viazi. Soseji nyingi ni za nguruwe, na ile divai ya moto inayonukia karafuu na mdalasini ni pombe kweli, hivyo asiyekula au asiyekunywa aulize kabla ya kuagiza. Sisi hubeba pilau kwenye hotpoti na chai ya tangawizi kwenye chupa. Mkichoka na baridi, kuna jumba la makumbusho la vifaa vya kupasulia njugu, lililofunguliwa mwaka 1995, lenye maelfu ya sanamu za mbao zinazotafuna kwa taya. Watoto wangu hawataki kutoka humo.

Januari iliyopita tulikwenda na mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Machame. Amezaliwa na kuzeeka chini ya Kibo. Theluji ameiona kila asubuhi iliyokuwa na anga safi, tangu akiwa mtoto wa kukata majani ya ng'ombe, na ameishuhudia ikipungua mwaka hadi mwaka. Kuigusa hakuwahi. Tuliposhuka garini alisimama kwanza kando ya barabara, mkono mmoja umemshika mjukuu. Kisha akavua glavu, akainama, akachota kidogo.

"Hii inanyweka, baba?" akaniuliza.

Nikamwambia hiyo ya juu, safi, inanyweka. Akaiweka mdomoni, akafumba macho, akangoja iyeyuke.

"Kama maji ya mtungi," akasema, akainama kuchota nyingine ya mjukuu.