Istilahi za Otomata: Ukomo na Njia Moja

Otomata, kwa maana tunayoikusudia hapa, si mtambo wa chuma. Ni mashine ya kufikirika isomayo herufi moja baada ya nyingine, na mwishoni hutoa hukumu: neno limekubaliwa au limekataliwa.

Tuchukue alfabeti yenye herufi mbili tu, k na a. Sharti ni kwamba konsonanti mbili zisifuatane, wala neno lisiishie kwa konsonanti. Kazi hii yahitaji hali tatu. Ya kwanza ndiyo ya kuanzia, na ndiyo pekee ya kukubali. Mashine ikisoma a hubaki papo hapo. Ikisoma k huhamia hali ya pili. Kutoka ya pili, a huirejesha kwenye ya kwanza, lakini k huitumbukiza katika ya tatu, tunayoiita shimo kwa kuwa kila herufi isomwayo humo huiacha humo humo. Hivyo "kaa" hukubaliwa. "Kak" huishia hali ya pili na kukataliwa. "Akka" haitoki shimoni. (Neno tupu, lisilo na herufi hata moja, nalo hukubaliwa; msomaji asishangae.)

Hali hizo ndizo kumbukumbu yake yote. Ndiyo maana hakuna otomata ya namna hii iwezayo kuhakikisha kwamba k zilizotangulia zinalingana kwa idadi na a zinazofuata, hata ziwe nyingi kiasi gani. Kusema hali "zinazohesabika" hakutufai: namba asilia nazo huhesabika, lakini hazina mwisho. Tunapendekeza "zenye ukomo".

Sifa ya pili ni ngumu zaidi. Katika mfano wetu, kila hali ikikutana na herufi huelekeza kwenye hali moja tu. Tukiiita otomata hiyo "ya uhakika", mwanafunzi atadhani kwamba ile iruhusiwayo kuwa na njia kadhaa kwa herufi ileile hubahatisha. Sivyo. Michael Rabin na Dana Scott walithibitisha katika makala yao ya mwaka 1959 kwamba aina zote mbili hutambua lugha zilezile. Gharama ipo katika ukubwa: yenye hali 10 za njia nyingi, ikigeuzwa, yaweza kudai hadi hali 1,024. "Bainifu" tungeipenda, ila wanaisimu wamekwisha kuitwaa kwa sifa za sauti.

Kwa hiyo tunapendekeza "otomata ya njia moja" na "otomata ya njia nyingi". Ile isomayo kwenda mbele tu, pasipo kurudi nyuma, iitwe "ya mwelekeo mmoja", ili istilahi hizi mbili zisigongane.