Walimu wa kujitolea kutoka nje mkoani Simiyu

Mwalimu wa kujitolea kutoka nje ni mgeni anayefundisha katika shule ya nchi nyingine kwa muda maalumu bila kulipwa mshahara wa kawaida. Kwa kawaida hupewa posho ya kujikimu, nyumba au vyote viwili. Nchini Tanzania walimu wa aina hiyo wamefundisha hasa hisabati, sayansi na Kiingereza katika shule za sekondari. Katika mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu Bariadi, wiki yao ya kwanza hutawaliwa na suala la lugha, kwa kuwa wanafunzi wengi huzungumza Kisukuma nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hufundishwa sekondari kwa Kiingereza.

Historia

Shirika la Peace Corps lilianzishwa nchini Marekani mwaka 1961, na Tanganyika ilikuwa kati ya nchi za kwanza kupokea watu wake. Kundi la kwanza halikuwa la walimu, bali la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Walimu walifuata baadaye. Shirika hilo liliondoka Tanzania mwaka 1969 na kurudi mwaka 1979. Mwaka 1961 ulianza pia mpango wa Teachers for East Africa, ulioleta walimu wa mkataba katika shule za sekondari za Afrika Mashariki wakati nchi hizo zilikuwa na wahitimu wachache wa vyuo vikuu. Mashirika mengine, kama VSO la Uingereza na JICA la Japani, nayo yameleta watu wa kujitolea.

Mkoa

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Katika sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na wakazi 2,140,497. Wakazi wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba, mahindi, mpunga na viazi vitamu, na wafugaji wa ng'ombe.

Kuwasili

Mgeni anayejitolea anahitaji kibali cha ukaazi kutoka Idara ya Uhamiaji pamoja na kibali cha kazi. Akifika, huanza kwa kujitambulisha kwa mkuu wa shule, afisa elimu, mtendaji wa kata au kijiji na mwenyekiti wa kijiji. Katika kila ofisi husaini kitabu cha wageni. Mgeni mwenye haraka anaweza kuona utaratibu huu kuwa upotevu wa siku, lakini ndio unaowafanya wanakijiji wajue yeye ni mgeni wa nani, na yeye ajue amwendee nani akiugua au akipata tatizo la nyumba.

Mambo ya nyumbani nayo huchukua muda: kufunga chandarua, kwa kuwa malaria ipo katika eneo hili, kujua maji yanachotwa wapi na kuyachemsha, kununua jiko na ndoo sokoni. Chakula cha kila siku ni ugali kwa mboga, maharage, dagaa au nyama. Wenyeji hula pia michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa, na matobolwa, ambavyo huchemshwa kabla ya kukaushwa.

Hesabu ya saa huwachanganya wageni wengi. Saa moja asubuhi kwa Kiswahili ni saa 7:00 katika hesabu ya kimataifa. Asiyejua hilo hukosea miadi kwa saa sita.

Lugha na salamu

Mkubwa kwa umri huamkiwa "shikamoo" na huitikia "marahaba". Kwa Kisukuma salamu ya asubuhi ni "mwangaluka" na ya mchana au jioni ni "mwadila". Kupita watu bila kuwasalimu huhesabiwa kuwa dharau, hata kama mgeni hakukusudia hivyo.

Darasani tatizo ni kubwa zaidi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza amesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, isipokuwa aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza. Akikutana na mwalimu anayezungumza Kiingereza kwa kasi na lafudhi ngeni, huenda asielewe lakini akaitikia "Yes". Ukimya wa darasa huweza kudhaniwa kuwa utii au uvivu, kumbe somo halijaeleweka. Kwa hiyo walimu wazoefu huandika maneno mapya ubaoni, huongea polepole na huwataka wanafunzi waeleze jibu badala ya kuwauliza tu kama wameelewa.

Shuleni

Siku huanza kwa usafi na mstari wa asubuhi chini ya mwalimu wa zamu. Mwalimu mpya hupewa ratiba, muhtasari wa somo na kitabu cha kiada, kisha huandaa azimio la kazi na andalio la somo. Madarasa mengi yana wanafunzi wengi, hasa baada ya ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne kufutwa mwaka 2016.

Jambo linalowashtua wageni wengi ni viboko. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vinavyotolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Mwalimu mgeni halazimiki kuchapa. Asiyetaka hufanya vema kumweleza mkuu wa shule mapema, ili wanafunzi na walimu wenzake wasione nidhamu ya darasa lake kuwa imeachwa.

Kuondoka

Mwalimu wa kujitolea hukaa kwa muda tu, lakini mtihani wa taifa wa kidato cha nne unahusu mada za miaka yote minne. Akiondoka katikati ya muhula bila mbadala, vipindi vyake hubaki wazi. Kwa sababu hiyo shule hunufaika zaidi pale anapopangiwa kufundisha pamoja na mwalimu mwenyeji wa somo hilohilo tangu wiki ya kwanza, na kumwachia maandalio na kumbukumbu za mada zilizokwisha kufundishwa.