"Baba Yetu": Sala ya Kiswahili Nje ya Kanisa

Sala ya Bwana, iliyomo katika Injili ya Mathayo sura ya 6 na ya Luka sura ya 11, ni miongoni mwa matini za Kiswahili zinazotamkwa na watu wengi bila kutazama kitabu. Lubumbashi, Kalemie, Bukavu na Goma husaliwa kila Jumapili, hata na waumini ambao Kiswahili chao cha nyumbani kiko mbali na kile cha sala. Mwaka 2005 matini hiyo ilipata njia isiyotazamiwa, yaani mchezo wa kompyuta uliotengenezwa Marekani. Makala hii inaeleza jinsi ilivyofika huko na mambo yaliyobadilika njiani.

Mtunzi wa muziki, Christopher Tin, ni Mmarekani aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Stanford. Huko alikaa chumba kimoja na Soren Johnson, ambaye baadaye aliongoza ubunifu wa mchezo uitwao Civilization IV. Katika mchezo huo mchezaji huongoza taifa tangu zama za kale hadi nyakati za kisasa, na wimbo "Baba Yetu" husikika mara tu mchezo unapofunguliwa. Walioimba kwanza ni Talisman, kundi la waimbaji wa Stanford. Mwaka 2009 Tin aliurekodi upya pamoja na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini, ukawa wimbo wa kwanza katika albamu Calling All Dawns, yenye nyimbo 12 katika lugha 12. Februari 2011 ulipata tuzo ya Grammy kwa mpangilio wa ala zinazosindikiza waimbaji. Kabla ya hapo hakuna muziki uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta uliowahi kupata tuzo hiyo.

Ukilinganishwa na sala yenyewe, wimbo unaonyesha tofauti tatu. Kwanza, mpangilio wa maombi umegeuzwa: katika Mathayo ombi la ufalme hutangulia lile la chakula, lakini katika wimbo chakula na msamaha hutangulia, na ufalme hufuata baadaye. Pili, "amina", neno la kufungia sala, husikika karibu na mwanzo. Tatu, kimilikishi "yetu" hurudiwa mara nyingi, hata baada ya neno la mahali "mbinguni", ambapo sarufi ingedai "kwetu". Mambo haya hayafai kuhesabiwa kuwa makosa matupu. Wimbo wa kwaya huishi kwa kiitikio, na neno linalorudiwa huacha kutumikia sentensi, likatumikia mdundo. Hata hivyo, mwanafunzi mgeni anayejifunza Kiswahili kwa wimbo huu pekee anaweza kudhani kwamba anasikia sentensi za kawaida.

Ulinganisho mwingine unapatikana karibu zaidi. Mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, kwaya iliyoanzishwa na Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, iliimba misa iliyojulikana kwa jina la Missa Luba. Maneno yake ni ya Kilatini, lakini sauti na midundo yake imetoka katika nyimbo za Wakongomani. Sanctus ya misa hiyo ilitumiwa katika filamu ya Kiingereza If.... ya mwaka 1968, ikapendwa na wengi ambao hawakuwa watu wa kanisa. Huko Kamina, maneno ya kigeni yalivikwa muziki wa wenyeji. Katika "Baba Yetu", maneno ya Kiswahili yamevikwa muziki uliotungwa ng'ambo. Tokeo, lakini, ni lile lile: msikilizaji wa mbali alivutwa na sauti kabla ya kuelewa maana.

Hapo ndipo swali linapowahusu wanafunzi na walimu wa Kiswahili. Lugha inayopendwa kwa mlio wake tu imepata heshima, lakini pia imo hatarini kuwa pambo, alama ya "Afrika" isiyohitaji kufasiriwa. Nao wimbo huu una maana iliyo wazi. Wanaousema wanaomba chakula, wanaomba kusamehewa, na wanajifunga kuwasamehe waliowakosea. Kwaya nyingi za vyuo na shule za Ulaya na Marekani zimekwisha kuuimba, na kila moja ilihitaji mtu wa kufundisha matamshi. Mtu huyo huyo angeweza kufundisha maana pia.

Darasani, kazi yaweza kuanza na maneno mawili ya jina la wimbo. Kwa nini husemwa "mwalimu wetu" lakini "baba yetu"? Jibu ni kwamba majina mengi ya jamaa, ingawa hutaja watu, huchukua kimilikishi chenye y-. Anayeimba maneno hayo, hata asipojua, anatumia sarufi ya ukoo: yule anayeombwa amehesabiwa kuwa wa nyumbani.